Duke aliyeiona kwao akiwa Dover

Mara ya kwanza kufika Dover, pale pwani ya Uingereza inapotazamana na Ufaransa, nilienda na basi, siku yangu ya ofu, sina mpango wowote zaidi ya kutoka nje ya chumba. Nikapanda juu ya yale majabali meupe, upepo unataka kunivua kofia, nikakaa kwenye nyasi, mara simu ikalia. Meseji ya mtandao: karibu Ufaransa, kupiga ni bei hii, intaneti ni bei hii. Nikacheka peke yangu kama chizi. Mimi hapo nilikuwa na mwaka wa sita nasubiri karatasi, nikitoka tu hii nchi sirudi, halafu kisimu changu cha mtumba kimeshavuka bahari kimeingia Ulaya bila viza bila nini.

Na kweli ukiangalia mbele unaiona. Siku isiyo na ukungu kuna mstari wa kijivu unatokea juu ya maji, ukikodoa macho unaona mpaka majengo, ni kama kilomita 33 tu pale pembamba, Dar na Unguja ni zaidi ya mara mbili ya hapo.

Niliporudi kazini (niko nyumba ya kulea wazee, shifti ya usiku) nikamhadithia bibi mmoja niliyekuwa namhudumia. Huyu bibi alikuwa mwalimu wa Kifaransa enzi zake, kichwa kinaenda kinarudi, jina langu alikuwa ananiuliza kila siku kama vile ndo tumekutana leo, lakini nilipotaja Dover akajiinua kwenye mito akaanza kughani mashairi ya Kifaransa, mstari baada ya mstari, hakwami. Alipomaliza akaniambia huyo aliyeandika hayo alikuwa mfungwa hapa kwetu, miaka ishirini na tano. Halafu akauliza mi naitwa nani.

Basi usiku ule wazee walipolala nikaingia Google, na toka siku hiyo huyu mtu hajatoka kichwani kwangu. Anaitwa Charles, Duke wa Orléans.

Nianze na ukoo kwanza maana bila ukoo hii stori haieleweki, na hawa makabaila wa Ufaransa wa zamani walikuwa na majina matatu tu wanapokezana, kila mtu Charles, kila mtu Louis, kila mtu Jean, kwa hiyo nitawapanga kwa namna yetu. Mfalme ni Charles wa Sita, huyu ni baba mkubwa. Mdogo wake ni Louis, Duke wa Orléans, na duke maana yake ni kabaila wa ngazi ya juu kabisa, ana miji yake, kodi zake, askari wake, aliye juu yake ni mfalme peke yake. Huyu Louis ndo baba wa mtu wetu, aliyezaliwa Paris tarehe 24 Novemba 1394. Mama ni Valentina Visconti, binti wa mtawala wa Milan kule Italia. Halafu kuna Jean, Duke wa Bourgogne, waliyembandika jina la Asiye na Woga, huyo ni mtoto wa baba mdogo wa Louis. Yaani kwa Kiswahili wale ni ndugu, kaka na kaka, hakuna cha binamu hapo.

Sasa baba mkubwa alikuwa mgonjwa wa akili. Ilimwanza 1392, akawa anapotea miezi halafu anarudi, akipotea hamtambui mke wake, wakati mwingine aliamini mwili wake ni kioo, hataki mtu amguse asije akavunjika, akawekewa vyuma ndani ya nguo vimkinge. Na katika hali hiyo mtu pekee aliyeweza kumtuliza alikuwa shemeji yake, Valentina. Unajua kilichofuata, huhitaji kuwa umesoma historia ya Ufaransa. Watu wakasema yule mwanamke wa Milan kamroga mfalme. Mwaka 1396 mama wa watu akaondolewa Paris kwa kelele hizo za uchawi, Charles ana mwaka na kitu. Nilivyosoma hapo nikasema aisee, hii ningeisikia hata pale kwetu Ngamiani.

Mfalme akiwa hivyo nchi anaongoza nani? Ndo ugomvi wenyewe. Louis anavuta huku, Jean anavuta huku, hazina ya serikali iko katikati. Usiku wa tarehe 23 Novemba 1407 Louis alikuwa amemtembelea malkia pale Paris, akaletewa ujumbe kwamba mfalme anamhitaji haraka, akatoka na watu wachache na mienge, kwenye mtaa wa Vieille-du-Temple wakamrukia watu wenye mashoka na marungu. Walimkata mkono, walimpasua kichwa. Kesho yake mwanae Charles anatimiza miaka 13.

Jean akaja msibani. Akavaa nyeusi, akalia na wenzake. Siku mbili tatu mbele polisi wa Paris walipotaka kupekua nyumba za makabaila akaona mambo yanakuwa magumu, akawavuta wakubwa wa ukoo pembeni akawaambia ni mimi, shetani alinipitia, halafu akapanda farasi akatimka. Na miezi michache tu baadaye karudi Paris kwa shangwe na msomi wake wa dini, Jean Petit, ambaye alisimama Machi 1408 akatoa hotuba ndefu kuthibitisha kwamba kumuua Louis ilikuwa halali kwa sababu Louis alikuwa dhalimu. Shetani kimya, kasahauliwa.

Valentina alipiga magoti mbele ya mfalme kudai haki, hakupata. Akafa Desemba 1408 kule Blois, mwaka mmoja na siku kadhaa baada ya mumewe. Kabla ya hapo alishakuwa anamlea mtoto wa nje wa mumewe, katoto kanaitwa Jean pia, kama wake wa kumzaa. Mshike huyo, atarudi.

Kwa hiyo Charles ana miaka 14, ni duke, ni yatima, ana wadogo zake, na ana mke, maana walimuozesha 1406 kwa Isabelle, binti wa yule yule mfalme mgonjwa, mtoto wa baba mkubwa. Watu wa pwani mtoto wa ami hawashtuki sana, ila sikiliza historia ya Isabelle: yeye alikuwa tayari mjane. Waliwahi kumuozesha kwa mfalme wa Uingereza, Richard wa Pili, akiwa hajafika hata miaka saba, na Richard akapinduliwa akafia kwenye ngome ya Pontefract mwaka 1400, binti ana miaka kumi. Machi 1409 Charles na mdogo wake wakapelekwa kwenye kanisa kuu la Chartres wamsamehe hadharani muuaji wa baba yao, vijana wakawa wanalia huku wanatamka maneno waliyopangiwa. Septemba mwaka huo huo Isabelle akafa kwa uzazi. Mtoto akapona, wakamwita Jeanne.

Nataka usimame hapo kidogo. Miaka 14, kafiwa na baba, mama, mke, ana mtoto mchanga mkononi, na muuaji kamsamehe kwa lazima.

Mwaka uliofuata akaozwa tena, kwa Bonne, binti wa Bernard wa Armagnac, na mkwe huyu alikuwa na kitu ambacho Charles hakuwa nacho, wapiganaji wa kusini na roho ngumu. Kundi lote la Orléans likaanza kuitwa Waarmagnac, jina la mkwe, ndo ujue nani alikuwa anaendesha gari. Vita ya wenyewe kwa wenyewe, Waarmagnac na Wabourgogne, na pande zote mbili kwa ujinga wao wakawa wanawaomba Waingereza waje wasaidie. Mwaka 1412 upande wa Charles ndo uliwaita, halafu kabla hata hawajafanya kazi Wafaransa wakapatana, Waingereza wakasema sawa, sisi malipo yetu yako wapi? Hela haipo, ikabidi watolewe watu rehani. Charles akamtoa mdogo wake, Jean wa Angoulême, kitoto cha kama miaka 12, akapelekwa Uingereza mpaka deni liishe. Alirudi 1445. Fanya hesabu mwenyewe. Watu wanamlilia Charles kwa miaka yake 25, huyu mdogo wake alikaa zaidi ya thelathini, na aliyemuweka rehani ni kaka mtu.

Kabla sijafika vitani kuna kitu kimoja lazima nikuoneshe. Kwenye hesabu za nyumba ya Charles za mwaka 1414 kuna maelezo ya joho alilotengenezewa. Kwenye mikono ya hilo joho yametariziwa maneno ya wimbo, yanasema bibie, nina furaha zaidi, na chini yake noti za muziki wenyewe, na noti zimepigwa kwa lulu. Noti 142, kila moja lulu nne zimepangwa mraba. Lulu 568 kwa wimbo peke yake, na kwa mikono yote jumla 960. Yaani mtu anasimama ukumbini na mkono wake ni karatasi ya muziki, anayejua kusoma noti anaweza kumwimbia mkono. Ana miaka 19. Mimi hilo joho ndo lilinifanya nimpende, kwa sababu mtu ambaye dunia imeshampiga vile bado ana moyo wa kwenda kwa fundi kusema niandikie nina furaha zaidi. Au labda alikuwa na hela nyingi tu na ushamba wa ujana, nayo inawezekana, mikufu ya wasanii wetu si tunaiona.

Mwaka mmoja baadaye, 25 Oktoba 1415, Azincourt, Wafaransa wamekutana na jeshi la Waingereza. Sitakaa sana hapo, vita ile imesimuliwa mno na Waingereza hawachoki nayo. Mvua ilinyesha usiku kucha, shamba lilikuwa limelimwa karibuni, likawa tope, na makabaila wa Ufaransa walishindana kukaa mstari wa mbele maana ndo wenye heshima, wakabanana na machuma yao mwilini mpaka wengine hawawezi kuinua mkono, na mishale inawanyeshea kutoka pembeni. Wengi hawakufa kwa silaha, walianguka wakalaliwa na wenzao. Charles alikutwa chini ya rundo la maiti, wanalivuta wakitafuta watu wa kuwauza, wakamkuta anapumua. Kuna mateka wengi Henry wa Tano, mfalme wa Uingereza, aliamuru wauawe siku ile ile katikati ya vita, akiogopa wasije wakageuka. Yeye akabaki.

Sasa tarehe. Henry aliingia London kwa maandamano ya ushindi tarehe 23 Novemba, nyimbo, majukwaa, watoto wamevishwa kama malaika, na mateka wanapitishwa watu wawaone. Tarehe 23 Novemba ndo siku aliyouawa baba yake, miaka minane kamili. Na kesho yake akatimiza 21. Kwenye maandamano ya watu wengine.

Huwa wanamchora kwenye mnara. Kuna picha maarufu ya kitabu kimoja, ilichorwa yeye ameshakufa, inamuonesha ndani ya Mnara wa London anaandika, halafu hapo hapo yuko dirishani anaangalia nje, halafu yuko mlangoni, mtu mmoja mara kadhaa kwenye picha moja. Ni picha nzuri ila inadanganya kidogo, au inadanganya sana. Alikaa huo Mnara ndio, akakaa na Windsor, akapelekwa kaskazini Pontefract, akakaa Fotheringhay, Bolingbroke, Wingfield, wanamhamishahamisha. Alikuwa na watumishi wake, vitabu, mvinyo, makarani walikuwa wanavuka bahari kumletea hesabu za mashamba yake asaini. Hakufungwa minyororo kwenye shimo la panya. Kabaila mateka alikuwa mali, na mali huiharibu, unaitunza mpaka mnunuzi afike bei.

Ila kwake bei haikuwa tatizo peke yake. Alikuwa karibu mno na kiti cha ufalme, na ni kiongozi wa kundi zima, kwa hiyo Henry alipokuwa anakufa 1422 aliacha usia kwamba Orléans asiachiwe mpaka mtoto wangu awe mtu mzima. Mtoto mwenyewe alikuwa na miezi tisa. Unaelewa? Mtu amekaa miaka saba anasubiri, halafu anaambiwa subiri huyu aliye kwenye nepi akue.

Na hiyo Pontefract waliyomweka. Ni ile ile ngome alikofia Richard, mume wa kwanza wa Isabelle. Mume wa pili yuko ndani ya kuta zile zile zilizommaliza mume wa kwanza, na mke mwenyewe alishakufa Blois. Sijaona shairi lake hata moja linalotaja hilo waziwazi, na mashairi aliandika mengi sana, ballade, yale ya kibwagizo, na nyimbo fupi. Hakuwa mtu wa kutaja. Badala ya kusema nina huzuni anakwambia yuko kwenye msitu wa Huzuni Inayochosha, kakutana na mungu wa mapenzi, anamuuliza unaenda wapi, naye anajibu kwamba yeye ni mtu aliyepotea asiyejua anakokwenda. Moyo wake anauongelesha kama mtu mwingine mnayepanga nyumba moja. Kuna Matumaini, kuna Hatari, kuna Uzee, wote wanaingia wanatoka kama majirani. Wasomi wengine wanamuona mwepesi kwa sababu hiyo, mashairi ya kupendeza ya mtu tajiri. Mimi naona ni mtu aliyekaa na watu wachache kwa muda mrefu mpaka akawapa viti mawazo yake.

Kuna moja ya miwani. Anasema sasa nazeeka, nikisoma kitabu cha Furaha navaa miwani ili herufi zinikuzie. Kuna nyingine, ilienea habari Ufaransa kwamba amekufa, wengine wakafurahi wengine wakasikitika, akawaandikia ballade kila beti inaishia na kibwagizo kile kile: panya bado yuko hai. Hiyo nilicheka usiku shiftini mpaka mzee wa chumba cha nne akapiga kengele.

Huku nyuma dunia inaendelea bila yeye. Mwaka 1419 Jean Asiye na Woga naye akauawa, kwenye daraja la Montereau, kwa shoka, na watu wa mwana wa mfalme wa Ufaransa. Muuaji wa baba kafa, na Charles yuko Yorkshire. Oktoba 1428 Waingereza wakauzingira mji wake, Orléans, kitu ambacho kwa sheria zao za kikabaila kilikuwa aibu, kwamba huwezi kushambulia mji wa bwana ambaye umemfungia kwako na hawezi kuulinda. Anayeulinda ni nani? Yule mtoto wa nje aliyelelewa na Valentina, Jean, wanamwita Mwanaharamu wa Orléans na lilikuwa jina la heshima kabisa kwake, baadaye akapewa cheo cha Dunois. Halafu akaja yule binti wa kijijini, Jeanne d'Arc, na Mei 1429 mzingiro ukavunjika. Jeanne mwenyewe alisema moja ya kazi zake ni kumtoa Duke wa Orléans Uingereza. Hiyo hakuifikia, walimchoma moto 1431. Lakini kwenye daftari za duke kuna malipo ya nguo za yule binti, joho la kitambaa chekundu cha Brussels na la juu la kijani, rangi za nyumba ya Orléans. Hawakuwahi kuonana. Kamshonea tu nguo kutoka kifungoni.

Na hapa ndo pana kichekesho. Mmoja wa makamanda waliouzingira mji wake alikuwa William de la Pole, Earl wa Suffolk, kabaila wa Kiingereza. Jeshi la Jeanne likamkamata Juni 1429 pale Jargeau, akajikomboa kwa hela nyingi, akarudi kwao. Mwaka 1432 serikali ya Uingereza inatafuta mtu wa kumtunza Charles, nani kapewa? Suffolk. Na wakawa marafiki! Suffolk mwenyewe alikuwa anapenda mashairi, mke wake Alice ni mjukuu wa Geoffrey Chaucer, mshairi mkubwa wa Waingereza. Piga picha chakula cha jioni pale Wingfield, mwenye nyumba kauzingira mji wa mgeni, ndugu wa mgeni kampiga mwenye nyumba, na wanapeana beti. Charles kufikia hapo Kiingereza kimemkaa, kuna kitabu kizima cha mashairi ya Kiingereza ambacho wataalamu wengi wanasema ni chake. Nimejaribu kukisoma, Kiingereza cha karne ya 15 kinaumiza kichwa, lakini nakielewa kwa namna nyingine. Unafika mahali unaota kwa lugha ya waliokushika.

Shairi la Dover yaelekea ni la 1433, walipomleta pale pwani kwa ajili ya mazungumzo ya amani ambayo hayakufika popote. Anasema siku moja nikiwa Dover kando ya bahari, nikiangalia upande wa nchi ya Ufaransa, nilikumbuka raha niliyokuwa nikiipata kule, moyo ukaanza kuhema. Halafu anajikaripia, kwamba si akili kuhema wakati njia ya amani inafunguka. Halafu anafanya kitu, anachukua jahazi liitwalo Matumaini, analipakia matamanio yake yote, anayaambia yavuke bila kuchelewa yakamsalimie Ufaransa.

Nilivyosoma hapo nikakumbuka ile meseji ya simu. Sina la kuongeza.

Mwaka mmoja kabla ya Dover, 1432, binti yake Jeanne alikufa, yule aliyezaliwa siku mama yake anakufa, alishaolewa mtu mzima, na baba yake alimuacha akiwa na miaka sita. Bonne naye alikufa Charles akiwa bado Uingereza. Mdogo wake Philippe alishatangulia 1420. Mi nilipata msiba wa mama kwa simu, saa kumi alfajiri, WhatsApp, nikaangalia mazishi kwa video ya binamu inayokatakata, na ofisi niliyoomba ruhusa ya kusafiri ilinijibu baada ya wiki tano. Sitaki kujifananisha na duke. Ila najua unavyokaa kwenye kitanda na huzuni isiyokuwa na kaburi.

Aliachiwa Novemba 1440. Na waliomtoa, hapa ndo unashika kichwa, ni nyumba ya Bourgogne. Philippe, mtoto wa yule Jean muuaji, na hasa mkewe Isabella wa Ureno, yule mama ndo alifanya kazi, alikaa mezani na Waingereza mwaka mzima. Fidia ilikuwa sarafu za dhahabu, écu, laki mbili na ushee. Akaapishwa Westminster Abbey kwamba atatafuta amani, na Humphrey wa Gloucester, mdogo wa Henry wa Tano, alichukia mpaka misa ilipoanza tu akatoka akapanda boti lake akaondoka. Charles akavuka, akapokelewa Gravelines, wakakumbatiana na Philippe muda mrefu hawasemi kitu. Mtoto wa muuaji na mtoto wa aliyeuawa, na baba wa wote wawili wamekatwa kwa shoka. Isabella inasimuliwa Charles alimwambia: kwa uliyonitendea mama, najisalimisha kwako kama mfungwa wako. Miaka 25, na mzaha wake wa kwanza nyumbani ni wa kifungoni.

Mwezi huo huo wakamuozesha Marie wa Clèves, mpwa wa Philippe. Bibi harusi 14, bwana harusi kama 46. Sisemi kitu, sote tuna macho.

Watu wanapenda stori iishie hapo bandarini. Mi naona inaanza hapo. Maana mfalme wa Ufaransa wa wakati huo, mwana wa baba mkubwa, alimuona katokea na msafara mkubwa wa watu wa Bourgogne akaingiwa na wasiwasi, akasema aje kwangu na watu wachache, Charles akasusa akaenda zake Blois. Ilipita zaidi ya mwaka wapatane na apate msaada wa kulipia deni. Alitaka kuwa mpatanishi mkuu wa Ufaransa na Uingereza, ndo maana ya maisha yake aliyoipanga miaka yote, na walimsikiliza kwa heshima wakafanya mambo bila yeye. Mwaka 1447 akajaribu kudai urithi wa mama yake Milan, akapata mji mmoja tu, Asti, akarudi. Lafudhi, mitindo, nani yuko na nani, vyote vilishambadilikia. Kaka yangu aliyetangulia kurudi Tanga baada ya miaka kumi na nne aliniambia hivi hivi, watu wanakupokea, wanachinja, wiki ya tatu wanakuuliza unarudi lini.

Kwa hiyo akakaa Blois. Chesi, vitabu, na mashairi. Anatoa mstari mmoja kila mtu atunge lake kuanzia hapo, kabaila, karani, daktari, mke wake, yeyote aliyepita, kama mashindano. Mstari mmoja unasema nakufa kwa kiu kando ya chemchemi. Mmoja wa waliotunga ni François Villon, mwizi kabisa na aliwahi kuua mtu, na mshairi mkubwa kuliko wote waliokuwepo, mwenyeji akiwemo. Duke akaliweka shairi lake na ya wengine.

Baada ya miaka 17 ya ndoa akazaliwa binti, Marie, Desemba 1457, na 1462 mtoto wa kiume, Louis, baba ana miaka 67. Wanasimulia kwamba kwenye ubatizo mfalme Louis wa Kumi na Moja alimshika mtoto, na mtoto akamkojolea mkono wa joho. Nikawaza zile lulu. Huyo mkojozi ndo alikuja kuwa mfalme Louis wa Kumi na Mbili mwaka 1498, baba yake hakuwa na habari. Alikufa Amboise usiku wa kuamkia tarehe 5 Januari 1465, siku chache baada ya mkutano ambako inasemekana mfalme alimjibu vibaya mbele za watu alipojaribu kumtetea mtu.

Kitabu chake mwenyewe kipo, maktaba ya taifa ya Ufaransa wamekiweka mtandaoni, unakifungua kwa simu. Bibi nilimuonesha kabla hajafa, akakuza kurasa kwa vidole viwili kama kijana. Zile nyimbo za Uingereza ziliandikwa nusu ya chini ya ukurasa, juu pakaachwa wazi, inaonekana kwa ajili ya noti za muziki. Noti hazikuja. Miaka mingi baadaye, kule Blois, ile nafasi ya juu akaanza kuijaza mashairi mapya, kwa mwandiko mwingine, mengine mkono wake mwenyewe. Ukifungua ukurasa leo chini unamkuta mfungwa, juu yake mzee wa Blois, na katikati yao ni upana wa kidole.